Poda Niliyopakwa Likasi

Kutoka Kongolo hadi Likasi treni ilituchukua siku tano, ingawa ratiba iliyobandikwa stesheni ilisema siku mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilibeba sanduku la mbao, bidoni ndogo ya mawese aliyonipa mama, na diploma yangu ya sekondari ambayo baba, dereva wa lori, aliishonea ndani ya bitana ya koti ili isiibiwe nikilala. Kabalo tulingoja kichwa cha treni kutwa nzima. Bukama wanawake walitujia madirishani na samaki wa moshi wa Lualaba, nikala mpaka nikaumwa tumbo, kwa sababu nilijua kwamba mbele ya hapo mto wetu haupo tena. Baada ya Tenke baridi ya mwezi wa sita iliingia kwa kila tundu. Mama mmoja mnene aliyepanda hapo alinisukuma kwa nyonga, akaniambia, "Weye, songa kidogo. Minye pia iko na matako." Behewa zima lilicheka. Kwetu hakuna mwanamke ambaye angemwambia hivyo kijana asiyemjua, na Kiswahili chenyewe kilinishangaza: kifupi, kikavu, kama cha watu waliozoea kusemezana katikati ya kelele za mashine. Nilisonga.

Likasi niliinusa kabla sijaiona. Moshi wa asidi ulishika koo, kisha vikatokea vilima, mabomba marefu ya viwanda na mapaa ya bati yaliyopangwa kwa mistari. Nilijiambia nitakaa mwaka mmoja, nione, halafu nirudi. Nilikaa kumi na miwili.

Sikudumu mahali pamoja. Nilifanya kazi Kakanda masika moja, nikitunza vyuma vya kutobolea miamba, nikachoka na matope. Nikawa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja aliyepeleka chumvi Kambove. Nikafundisha hesabu shule ya msingi kwa muhula mmoja. Hatimaye nikaajiriwa na Kampuni. Pale kila mtu alisema Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Waliniweka magazini, yaani ghala la vifaa, kwenye dirisha ambalo wafanyakazi walipokelea glavu, viatu na kofia ngumu. Nikapewa nyumba ya vyumba viwili kambini na mposho wa unga kila mwezi. Hapo ndipo nikaoa.

Mke wangu alizaliwa Likasi. Baba yake alikufa akiwa mtu wa tanuri, na mama yake aliuza samaki wakavu sokoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika mwisho wa mtaa. Nilipokwenda kuposa, nikiwa na mjomba wangu niliyemwita kutoka Kasongo, yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbele ya ukoo wake wote:

"Kintu gani ulishaka kumaliza?"

Sikuelewa. Akarudia, polepole, akihesabu kwa vidole. "Kakanda, ulitoka. Lori, ulitoka. Shule ya batoto, ulitoka. Minye nauliza kintu kimoja tu chenye ulimaliza."

Mjomba akaingilia. "Mama, huyu amemaliza sekondari. Diploma ipo."

"Ile alimaliza na fimbo ya baba yake," akasema, na watu wakacheka, mke wangu naye akaficha uso kwenye kanga. "Haya, muchukue. Lakini minye nasema: treni ilimuleta, treni itamurudisha."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa binti yake siku ileile. Lakini lile swali lilikaa kwangu kama mwiba unaoingia mguuni na kufunikwa na ngozi: huuoni, ila kila hatua unajua upo.

Nilikuwa na miaka thelathini, binti yetu ana mwaka mmoja, chuo kimoja kilipotangaza masomo ya watu wazima wenye kazi: jioni mbili kwa juma, na Jumamosi kuanzia saa saba mchana mpaka giza likaribie. Miaka mitatu, na mwishoni graduat, shahada ya kwanza. Kampuni ilisema kwamba atakayeipata atafikiriwa kupandishwa kazi na kuhamia nyumba za wakubwa, zenye bafu ndani. Mke wangu alilisema lile bafu mara nyingi, akicheka. Mimi sikujiandikisha kwa ajili ya bafu. Nilitaka siku moja nimwendee mama yake na kumwambia: hiki hapa.

Kulikuwa na tatizo moja. Mke wangu alikuwa anajifunza kushona katika nyumba ya mafunzo ya wake wa wafanyakazi, na darasa lake lilikuwa Jumamosi mchana. Mama yake Jumamosi hakuweza kuacha meza yake sokoni. Mtoto alihitaji mtu wa kukaa naye. Tulizungumza jioni moja tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Yaani alizungumza yeye.

"Weye enda," alisema. "Minye nitarudia kushona kisha ya weye kumaliza. Miaka tatu si kintu."

Alikuwa amefika kwenye kukata mikono ya gauni. Alikunja kile kitambaa cha mazoezi, pini zikiwa bado ndani yake, akakiweka juu ya kabati.

Madarasa yalikuwa ya shule ya msingi. Wiki nzima walikaa watoto, Jumamosi tukaingia sisi, wanaume wenye vitambi na mama wawili wa posta, magoti yetu yakigonga mbao za madawati ya watoto wa miaka minane. Asubuhi wengi tulikuwa tumetoka Salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara ambayo Chama kilitudai kila Jumamosi, kwa hiyo mapanga na majembe yalisimama pembeni mwa ubao. Maprofesa walitoka Lubumbashi. Wengine walifika, wengine hawakufika. Tulisomea karatasi za stensili ambazo wino wake ulibaki vidoleni mpaka Jumatatu.

Mwaka wa kwanza niliupenda, nataka hilo lijulikane. Nilipenda kuitwa ubaoni nikiwa mtu mzima. Nilipenda kurudi nyumbani na kumweleza mke wangu, huku akimnyonyesha mtoto, jinsi wanadamu wanavyogawana kazi kiwandani, na yeye kunijibu, "Kumbe bile njo banasomaka? Ile mama anajua ku soko."

Jirani yangu wa dawati alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, mtu wa miaka hamsini na kitu. Sekondari yake yote aliisoma jioni, kwa miaka tisa. Machimbo hayakulala hata Jumamosi, kwa hiyo alikuja kwa baisikeli moja kwa moja kutoka kazini, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na darasa zima lilisimama kumwamkia: "Bonjour, Muzungu!" Naye alijibu, "Ikaleni, batoto." Kifaransa chake kilikuwa kibovu na hakujali. "Citoyen professeur," angesema, "nimesikia yote, mais rudilia kidogo, kichwa ya minye iko na vumbi." Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa hivyo.

"Ba-ingénieur banaficha bintu mu français," alisema. "Nataka nione ni bintu gani."

"Na umeviona?"

"Bado. Labda mwaka wa tatu njo wataonyesha."

Katikati ya mwaka wa pili, Jumamosi moja profesa hakufika. Wengine walikaa kusoma. Mimi nilitoka, na badala ya kurudi nyumbani kumpokea mke wangu mtoto, miguu ilinipeleka stesheni. Treni ya kaskazini ilikuwa imeingia muda si mrefu. Watu walikuwa wanateremsha bidoni za mawese, magunia ya mchele, kuku. Mzee mmoja aliniamkia kwa Kiswahili cha kwetu, kile kirefu, kisichokimbia, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, za kazini, za watoto, moja moja, kama inavyotakiwa. Nilikuwa na miaka minane sijaulizwa hivyo. Nilikaa juu ya magunia yake mpaka jua likalala.

Nikarudi tena. Mwanzoni mara moja kwa mwezi. Mwaka wa tatu ulipoanza, nilikuwa stesheni karibu kila Jumamosi, hata profesa akiwa amefika. Nilimwomba kapita aniandikie "présent", yaani yupo, kwenye orodha, naye aliandika, akinuna. Mke wangu aliamka mapema kunipigia shati pasi ya makaa, akanifungia mihogo na karanga kwenye kitambaa safi. Mihogo ile niliila stesheni, nikiwauliza wasafiri habari za watu ambao mimi mwenyewe sikuwa nimewaandikia hata barua moja. Yeye alikuwa nyumbani na mtoto, na kitambaa chake kilikuwa juu ya kabati.

Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu inayoweza kusimama. Sina. Sikuwa mlevi, sikuwa na mwanamke mwingine. Nilikuwa natamani kuondoka, na kwa vile sikuthubutu kuondoka, nilikwenda kuwatazama wanaofika.

Ili upate graduat ilikubidi uandike kazi ya mwisho, kurasa arobaini au zaidi, na kuitetea mbele ya walimu. Mimi nilichagua kuandika juu ya ajali za machimboni na jinsi wachimbaji wanavyoonyana wenyewe, kwa nyimbo na kwa miluzi. Ilikuwa mada nzuri. Kapita alinipa watu wa kuwauliza. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikaandika kichwa cha habari kwa mwandiko wa kupendeza, na sentensi ya kwanza. Sentensi ile niliiandika upya mara kumi na moja. Ya pili haikuja. Siku ya mwisho ya kupeleka kazi ilipita nikiwa dirishani magazini, nikimgawia mtu viatu, na nakumbuka kwamba nilihisi nafuu.

Nyumbani sikusema. Nilipanga kwamba siku ya matokeo nitarudi na kueleza kuwa majina ya wengine yamecheleweshwa, kwamba walimu bado wanajadiliana. Uongo huo niliufanyia mazoezi njiani kwenda kazini. Mke wangu alipiga shati pasi kwa mara ya mwisho, lile la bluu. Nikaenda.

Matokeo yalisomwa uani kwa shule, kwa sauti, jina moja moja. Nje ya ua walisubiri wake, mama na dada, kila mmoja na kopo la poda ya watoto, kwa maana Likasi mtu akifaulu humwagiwa poda kichwani, na hutembea nayo mpaka kwake bila kuipangusa, ili mtaa wote uone. Nilikuwa nimemkataza mke wangu asije. Nilimwambia jua ni kali kwa mtoto.

Jina la kapita lilisomwa karibu na mwisho. Alisimama pale kama mtu aliyeitwa polisi. Hakuna aliyepiga kelele kwa ajili yake. Hakuwa amemwambia mtu Kakontwe, aliogopa kuanguka na kuchekwa. Siku hiyo hakupitia machimboni, alikuwa ameoga, na kwa mara ya kwanza nilimwona mweusi. Alifungua mfuko wake, akatoa kopo jipya la poda alilojinunulia mwenyewe, akanipa.

"Nipake basi," alisema. "Nani mwingine atanipaka?"

Nilimmwagia kopo lote. Wenzetu waliimba, "Muzungu! Muzungu!" naye alilia na kucheka, akanikumbatia kwa nguvu za mtu aliyevunja mawe miaka thelathini, akanisugua shavu kwa shavu. Ile furaha yangu haikuwa ya uongo. Nasema hivyo kwa sababu ilikuwa ya mwisho ambayo haikuwa ya uongo.

Kisha nikatembea kurudi kambini, nikifanya mazoezi ya maneno yangu kuhusu majina yaliyocheleweshwa. Sikujitazama. Pale bombani jirani yetu mmoja, mama wa watoto sita, aliinua uso kutoka kwenye ndoo, akanitazama kifuani, akaachia kigelegele.

"Iii! Amepita! Bwana wa mwenzetu amepita! Muone poda!"

Niliangalia shati. Lilikuwa jeupe kifuani na mikononi. Nilifungua mdomo. Wanawake wawili wengine walikwishapokea kile kigelegele, na mtoto mmoja alikuwa anakimbia mbele yangu akipiga sufuria. Kutoka bomba lile hadi mlango wangu ni nyumba kumi na nne. Ningeweza kusema katika nyumba yoyote kati ya hizo. Ningesema, "Hii ni ya rafiki yangu," maneno matano tu. Nilitembea.

Mke wangu alitoka akasimama kizingitini, mtoto kiunoni. Hakupiga kigelegele. Alinitazama, si usoni, alinitazama juu ya kichwa, kwa muda kidogo. Kisha mama yake akatokea nyuma yangu akihema, kanga mkononi. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni na aliacha meza yake peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku aliyozikwa mumewe.

"Mama," nikaanza.

"Usiseme! Lelo usiseme! Weye umesema miaka tatu!"

Alikuwa na kopo lake. Alinimwagia lote, nywele, masikio, ndani ya ukosi. Nilifumba macho, na nikiwa nimeyafumba niliwasikia wote wakiimba.

Jioni, jua likiwa bado lipo, tulikula uani. Mama mkwe alichinja kuku wake wawili. Watu walipokwisha kunawa, mama mkwe alisimama, akanyamazisha kila mtu, akageuka kwangu.

"Minye njo nilisema treni itakurudisha," alisema. "Nilisema mbele ya bantu, nitarudisha mbele ya bantu. Mukwe wangu, unisamehe."

Akapiga magoti. Mwanamke yule, mwenye umri wa mama yangu, alipiga magoti juu ya udongo mbele yangu, mimi nikiwa na poda yake kichwani. Nilimwinua kwa mikono miwili, nikasema nimemsamehe. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimsamehe.

Tangu siku hiyo kambini niliitwa Gradué. Na mambo yalivyokuwa nchini mwetu, uongo wangu haukuhitaji kazi yoyote. Diploma zenyewe zilitoka Kinshasa na zilichukua miaka, kila mtu alijua. Wapo watu waliokufa wakizingoja. Kampuni ilipodai cheti cha muda, nilisema karani hayupo, muhuri haupo, karatasi hakuna, na mara nyingi yote hayo yalikuwa kweli.

Kapita alikuja kunitembelea Jumapili ya pili. Alisikia majirani wakiniita, "Gradué, karibishe mugeni!" Alimaliza munkoyo wake, ile togwa ya mahindi, akaaga. Nilipomsindikiza alisukuma baisikeli hadi kona, ndipo akasimama.

"Nani alikupaka?"

"Wewe. Uliponikumbatia."

"Minye?" Alinikazia macho. "Weye njo ulinipaka minye! Sasa minye nimekuwa shahidi wa mambo gani?" Alitema mate kando. "Sikiliza. Mwezi wa kumi iko session ya pili. Unaandika, unatetea, uongo unakuwa kweli, hakuna muntu atajua. Bantu ya machimbo nitakukusanyia. Kuya Jumamosi."

Lilikuwa neno la kweli. Muda ulikuwepo, mada ilikuwepo, watu walikuwepo. Lakini Jumamosi hazikuwa zangu tena. Mara tu baada ya sherehe mke wangu alikuwa ameshusha kile kitambaa juu ya kabati, akachomoa pini zilizoshika kutu, na kurudi darasani. Kumwambia nahitaji Jumamosi tena ilikuwa ni kumwambia yote.

Basi nilimchukua mtoto. Nilimkalisha kwenye fremu ya baisikeli tukaenda Kakontwe, na wachimbaji walinipigia miluzi yao, mmoja wa kuonya jiwe, mwingine wa kuonya baruti, na binti yangu akaiga akawachekesha. Niliandika kurasa sita siku hiyo. Tuliporudi alikuwa mweupe kichwa kizima. Mke wangu alimwogesha bila haraka.

"Ulienda kufanya nini Kakontwe?"

Aliuliza akiwa amenipa mgongo, maji yakichuruzika kutoka kwenye mikono yake. Sasa najua lile halikuwa swali, ulikuwa mlango aliokuwa ameushikilia wazi.

"Kusalimia tu," nikasema.

"Haya."

Sikurudi Kakontwe. Mwezi wa kumi ulipita. Kapita nilikutana naye mara moja sokoni, nikajaribu kujieleza. Alinikatiza. "Nilichoka kukuandikia présent," alisema, akapanda baisikeli yake.

Mwaka na nusu baadaye mke wangu alimaliza. Walipewa vyeti katika ukumbi wa Kampuni, wanawake kumi na tisa, kila mmoja amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Lake lilikuwa la kijani, na mikono ilikaa vizuri kabisa. Mama yake alimmwagia poda kama alivyonimwagia mimi. Wakati wa kupiga picha mke wangu aliniita karibu, akachukua poda kidogo kutoka kwenye nywele zake kwa vidole viwili, akaiweka juu ya utosi wangu.

"Hapa njo banawekaka," alisema taratibu.

Nikatazama kamera. Kesho yake asubuhi alinikuta bombani, akaweka ndoo chini, akangoja yule jirani aondoke.

"Shati ya bluu, minye njo nilifua," alisema. "Mama alikuwa bado kukumwangia, ilikuwa nyeupe kifuani. Mu mugongo hakuna. Na kichwa ya weye ilikuwa nyeusi. Muntu mwenye kupita banamumwangia juu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye." Aliangalia maji yakijaa. "Minye sitaki diploma. Sitaki bafu. Lakini mama alipiga magoti. Wende umwambie weye mwenyewe. Ile tu. Ile tu, na tutaikala."

Alikuwa amenisamehe tayari, tena miezi mingi iliyopita, peke yake, juu ya karai la kufulia. Alichotaka kilikuwa kidogo kuliko kurasa arobaini.

Nilikwenda sokoni Jumatatu baada ya kazi. Alikuwa kwenye meza yake, katikati ya wenzake.

"Mukwe wangu! Gradué!" Aliwageukia wenzake. "Mumusogezee kiti, huyu haikalake pa gunia."

"Mama, nimekuja kukwambia habari ya ile diploma."

"Iko wapi? Kinshasa bado?"

Nilitazama samaki. Walikuwa wa Lualaba, wa Bukama, wale niliowala njiani nikija. "Mama," nikasema, "ile diploma..."

"Kama haikuye, si uifuate!" alipiga meza kwa kiganja. "Muntu anangojaka kintu chake mwaka mbili? Omba ruhusa ku kazi, panda treni mpaka Ilebo, panda mashua, uingie mu ofisi yabo uwambie: minye nimemaliza, munipe! Si vile?" Wenzake wakasema ndivyo, ndivyo. Alikuwa ameanza kunichagulia samaki wa safari, wakubwa, akiwafunga kwenye gazeti, na uso wake ulikuwa na fahari ambayo sikustahili hata kuitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nitaifuata."

Nilipofika nyumbani mke wangu aliuona ule mzigo wa samaki mkononi mwangu, akajua. Akaupokea, akauweka kando ya mlango. Hakulia. Nilipotoa lile sanduku la mbao chini ya kitanda alilipangusa vumbi kwa kanga, akaniachia.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumamosi. Mke wangu tangu apate cheti alikuwa anawafundisha wengine mchana huo, na siku hiyo hakukuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alimfunga mgongoni, ingawa alikuwa amekua na miguu yake ilining'inia hadi mapajani kwa mama yake. Alitoka kabla yangu. Mtoto aligeuza shingo akanipigia mluzi, ule wa Kakontwe wa kuonya jiwe. Nilisimama mlangoni mpaka wakakata kona ya bomba.

Stesheni alinisindikiza mama mkwe. Aliacha meza yake kwa mara ya pili kwa ajili yangu. Aliwaambia wasafiri wote wa behewa langu kwamba mimi nakwenda Kinshasa kuchukua diploma yangu, wanitunze, mimi ni mtu wa vitabu na naibiwa kirahisi. Wao walicheka, wakanipa nafasi dirishani. Mimi nilijua kwamba Kamina treni zinaachana, moja ya Ilebo, nyingine ya Kabalo na Kongolo, na nilijua nitateremka wapi.

Treni ilipotikisika alitembea sambamba nayo, mkono kwenye fremu ya dirisha, akicheka, meno yote nje.

"Gradué!" alipaza sauti ili jukwaa zima lisikie. "Usirudi bila ile karatasi, unasikia? Bila karatasi usirudi!"

Nikamwambia nimesikia.